Mazda MX-5 kwenye ukaguzi wa MOT: anzia chini, tena nyuma

Mtu anayenunua MX-5, gari dogo la michezo la viti viwili lenye paa la kufunguka, kwa mara ya kwanza, toleo la kwanza (1989 hadi 1997) au la pili (1998 hadi 2005), huanza kwa kufungua boneti. Hapo siyo pa kuanzia. Injini za lita 1.6 na 1.8 ni imara sana. Zibadilishie oili kwa wakati, zibadilishie mkanda wa taimingi kila kilomita 100,000, nazo zitaizika bodi iliyozibeba. Gari hili Uingereza linauawa na kutu. Aliyekulia Mombasa au Tanga anaijua kutu ya upepo wa bahari, lakini huku chumvi inamwagwa barabarani kila majira ya baridi ili barafu isishike, na matairi yanairusha moja kwa moja kwenye tumbo la gari.

Ukaguzi wa MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa usalama wa magari Uingereza, huanza gari likitimiza miaka 3 (Ireland ya Kaskazini miaka 4), kisha kila mwaka. Tangu Mei 2018 kasoro zimegawanywa kuwa za hatari, kubwa na ndogo. Ya hatari au kubwa inaliangusha gari, yaani halipiti. Nje ya hizo kuna maoni ya mkaguzi: gari limepita, lakini kuna kitu cha kufuatilia. Mnunuzi asiyasome maoni hayo kijuujuu. Historia ya MOT ya gari lolote inapatikana bure kwenye tovuti ya serikali kwa kuingiza namba ya gari tu. Mwaka mmoja mkaguzi kaandika kutu kwenye sili (bati la chini ya mlango), mwaka unaofuata tena, halafu kimya, halafu kaandika kwamba sehemu ya chini imepakwa lami nzito: hapo jua kutu imefunikwa, haijatibiwa. Mkaguzi haruhusiwi kufungua mapambo wala plastiki. Anaangalia, anabonyeza, anagonga kidogo. Kwa hiyo cheti kinasema gari lilionekanaje siku ile, na hakikuhakikishii kilichomo ndani ya bati.

Sili ni lile boriti la bati linalopita chini ya mlango. Kwenye MX-5 huoza upande wa nyuma, pale linapokutana na tao la gurudumu la nyuma, na sababu yake iko juu kabisa, kwenye paa la turubai. Maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye paa hukusanywa nyuma ya viti na kushuka kwa mifereji miwili, mmoja kila upande, karibu na nguzo ya mkanda wa kiti. Majani na vumbi vikiziba mfereji, maji yanafurika, yanaingia ndani ya sili na kukaa humo. Bati linaoza kutoka ndani kuja nje; rangi ikifura, ujue ndani kazi imeshakwisha.

Ipime hivi. Fungua paa, mimina nusu lita ya maji polepole kwenye mdomo wa mfereji. Yanatakiwa kutoka chini ya gari, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, bila kuchelewa. Yakisimama, pitisha uzi mnene wa plastiki kama ule wa mashine ya kukatia nyasi, taratibu, ukizungusha. Usitumie upepo wa kompresa: bomba linaweza kuchomoka kwenye kiungo chake, na tangu hapo maji yote yataishia ndani ya bodi. Kagua pia vitundu vidogo vya kutolea maji chini ya sili. Mara nyingi vimezibwa na lami ya mtu aliyedhani analilinda gari. Kazi hii ifanyike mara mbili kwa mwaka, na mara moja kati ya hizo iwe baada ya majani kupukutika.

Ikiwa sili imeshatoboka, kiraka cha juu hakifai. Sili ina tabaka la nje na la ndani, na fundi anatakiwa akate mpaka afike kwenye bati zima, ajenge la ndani kwanza, ndipo afunge la nje. MOT inadai weldingi ya mfululizo kuzunguka kiraka. Vidoto vya weldingi hapa na pale havikubaliki, wala gundi ya bodi. Kanuni ni kali hapo kwa sababu kutu ikidhoofisha bati lililo ndani ya sentimita 30 kutoka mahali mkanda wa kiti au saspensheni inapofungwa, gari linaanguka, na kwenye gari dogo kama hili kona ya nyuma ya sili iko karibu na vyote viwili. Omba picha za kazi kabla bati la nje halijafungwa. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Toleo la pili lina ugonjwa wa ziada ambao wengi huujua wakishalipa: mihimili miwili ya chesisi ya mbele, nyuma ya bampa. Iliongezwa tabaka la bati ili ihimili ajali vizuri zaidi, na maji ya chumvi yakanaswa kati ya matabaka. Lala chini, mulika kwa tochi eneo la karibu na pale upau wa kuzuia gari kulala kwenye kona unapofungwa, bonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu. Ukiona bati limevimba kama mkate, acha gari hilo, au lipunguziwe bei kwa gharama nzima ya kujenga upya pande zote mbili.

Unapoliinua, jeki usiiweke kwenye ukingo wa sili bila kipande cha mpira chenye mfereji. Ukingo ukikunjwa rangi inapasuka, na kutu inapata mlango.

Kinachofuata kwa kuangusha magari haya ni breki ya mkono. Inafanya kazi kupitia kalipa za nyuma (vifaa vinavyobana pedi kwenye diski), na gari likisimama kipindi chote cha baridi, kama magari mengi ya wikendi, pini za kalipa hukauka na kukwama. Kwenye mashine ya rola breki ya mkono lazima ifikie 16% ya uzito, na isiposhika kabisa upande mmoja, ni kasoro kubwa. Wengi hukimbilia kukaza kebo. Hilo ni kosa. Legeza kebo kwanza, toa pini, zisafishe, zipake grisi ya silikoni ya breki (grisi ya kawaida hufurisha mpira). Kisha, nyuma ya kalipa, fungua boliti ya kufunika ya milimita 14. Ndani yake mna kirekebisho cha spana ya L ya milimita 4. Kizungushe kufuata saa mpaka diski ishikwe, rudisha theluthi moja ya mzunguko. Fanya upande wa pili, ndipo urekebishe kebo hadi mkono ushike kati ya mlio wa 5 na wa 7. Ukibadilisha pedi, pistoni ya nyuma inarudishwa kwa kirekebisho hichohicho kinyume cha saa. Ukiibana kwa klempu utaharibu mtambo wa ndani.

Kagua pia mabomba ya breki ya chuma yanayopita juu ya fremu ya nyuma: hayaonekani kirahisi, na huliwa na kutu polepole. Springi hukatika mzunguko wa chini kabisa, kwa hiyo zungusha gurudumu na uangalie mwisho wake. Mipira inayofunika reki ya usukani na boljointi ikipasuka kiasi cha kuingiza uchafu, gari halipiti. Tairi: kina cha mifereji yake kisipungue milimita 1.6 kwenye robo tatu za kati za upana, mzunguko mzima.

Moshi hauwaangushi wengi, ila upeleke gari likiwa moto kweli, baada ya mwendo wa dakika 20. Yaliyosajiliwa kabla ya Agosti 1992 yanaruhusiwa CO (kaboni monoksidi) hadi 3.5%, yenye kataliti (kifaa cha kusafisha moshi) kwa kawaida hupimwa kwa CO isiyozidi 0.2% na lambda (kipimo cha uwiano wa hewa na mafuta) kati ya 0.97 na 1.03 injini ikizungushwa mizunguko 2,500 hadi 3,000. Lambda ikizidi, tafuta kwanza tundu kwenye bomba la ekzosti kabla ya kununua kataliti mpya.

Kwa Eunos Roadster (jina la MX-5 ya kwanza huko Japani) iliyotoka Japani: taa ya ukungu ya nyuma ni lazima kwa gari lolote lililoanza kutumika tangu Aprili 1980, na nyingi zilifungiwa Uingereza kwa waya za haraka. Iwashe, hakikisha na ile taa yake ya dashibodi inawaka.

Panga ukaguzi mapema. Unaweza kupima hadi mwezi mmoja kasoro siku moja kabla ya cheti kuisha na tarehe yako ya mwaka ikabaki palepale. Likianguka na ukaliacha hapohapo litengenezwe, kipimo cha marudio ni bure. Ukiliondoa na kulirudisha ndani ya siku 10 za kazi, utalipa sehemu tu ya ada. Kama kuna kasoro ya hatari, liondoke kwa kuvutwa, lisiendeshwe.