Bolti si Msumari

Fundi wangu hupaka oili kwenye bolti za tairi ili nati ziingie vizuri. Kuna ubaya? (Msomaji, Morogoro)

Upo. Bolti hushika kwa kuvutika, kama springi. Nguvu unayoitia kwenye wilispana, kama asilimia 90 yake, huliwa na msuguano wa thredi na uso wa nati. Kinachobaki ndicho kinachoivuta bolti. Ukipaka oili msuguano unashuka, na mkono uleule unaivuta kupita kiasi. Corolla nyingi zinataka Nm 103 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), thredi kavu na safi. Basi nenda gereji umwone kijana amechomeka bomba kwenye wilispana, amepanda juu yake na kurukaruka! Mwenye kilo 70 akisimama tu mita moja kutoka kwenye nati ameshatia karibu Nm 700. Bolti ikikatika njiani, utasikia spea ilikuwa feki.

Na kaza kwa kuvuka, nati moja kisha ya upande wa pili, siyo kwa kuzunguka. Ukitembea kilomita 50 hadi 100, rudia.

Nikikata kona mbele panalia ka-ka-ka. Ni nini?

Sivi jointi, kiungo kinachopeleka mzunguko kwenye tairi hata likikata kona. Jamani, swali hili nimelijibu mpaka nimechoka! Mpira unaoifunika ulipasuka, grisi ikatoka, mchanga ukaingia. Ukishasikia mlio, mpira mpya haukusaidii kitu.

Boljointi (kiungo cha gololi kinachoshikilia tairi la mbele) imelegea. Naweza kuichomelea?

Hapana. Na aliyekushauri usimpe gari tena.

Nimebadilisha krosi zote mbili (viungo vya msalaba kwenye ncha) za propela, shafti inayopeleka nguvu tairi za nyuma, ya pikapu. Sasa inatetema kuliko mwanzo.

Krosi hazina kosa hapo. Propela ikikaa kwa pembe, krosi ya kwanza haitoi mwendo ulio sawa: kila mzunguko inaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Krosi ya pili ndiyo inayofuta kasoro hiyo, ilimradi masikio (panda zinazoshika krosi) ya ncha zote mbili za propela yakae mstari mmoja na pembe zake zilingane. Naamini fundi aliichomoa propela kwenye meno yake, pale vipande vyake viwili vinapoingiliana, bila kuweka alama, akairudisha imeruka jino moja au mawili. Ilaze chini uitazame kwa urefu. Masikio yakipishana, umempata mchawi.

Alama iwekwe kwa rangi au senta panchi. Mimi niliwahi kutumia chaki. Grisi iliifuta kabla sijamaliza chai.

Springi wosha (wosha iliyokatwa na kupindwa kama springi) au nati ya nailoni (yenye pete ya nailoni ndani), ipi haifunguki?

Mjerumani Gerhard Junker alionyesha mwaka 1969 kwamba adui mkubwa wa nati ni mtikisiko wa kwenda pembeni, vipande vinaposuguana. Kwa mtikisiko huo springi wosha ni pambo. Kaza kwa kipimo kwanza, kisha tumia nailoni, tena mpya, ukiifungua, tupa. Kwenye ekzosi usiiweke kabisa: joto likizidi nyuzi 120 hivi, nailoni inalainika na nati inabaki kama nyingine yoyote.