Mama, pingili yako haijahama

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 41, naanika dagaa huku Igombe, Mwanza. Kiuno kinanibana mwezi wa pili sasa, asubuhi ndiyo kabisa. Miguu haina ganzi, haja zote kawaida. Mzee wa kukanda amesema pingili imehama. Kila Jumamosi ananipanda mgongoni airudishe, na amenipa mkanda ili nisiiname. Kuna mazoezi mepesi ambayo hayataniumiza zaidi?

JIBU: Marahaba mama. (Mimi ni mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi; udaktari nawaachia wenyewe.)

Hiyo "pingili imehama" nimeisikia mpaka masikio yamechoka, na mara nyingi anayeniambia ameshuka kwenye daladala akaja kwa miguu yake. Pingili tano za kiuno zimefungwa kwa kano nene na misuli, na diski, vile vitakia vilivyo katikati yake, zimeshikamana na mfupa juu na chini. Hazichomoki kama kigae cha paa. Zipo pingili zinazosogea kweli, kwa ajali au kwa ugonjwa, lakini hizo huonekana kwenye picha, si kwa kidole gumba, na hazirudishwi kwa kisigino. Ule mlio anaokuambia "umesikia, imeingia" ni gesi ya kwenye maungio, sawa na unapovunja vidole. Nafuu unaipata, sikatai: mafuta ya moto na misuli iliyolegea. Inakwisha Jumatatu, na yeye anakungoja Jumamosi.

Kinachokuumiza zaidi ni hiyo amri ya kutoinama. Kiuno kisichotumika hukaza na misuli yake hudhoofika, kisha ndoo moja tu ya maji inakulaza. Mkanda uvue. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haupendekezi mikanda hiyo, mazoezi unayapendekeza.

Asubuhi kabla hujashuka kitandani, lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage godoro. Bandika kiuno kwenye godoro mpaka kiganja kisipenye chini yake, hesabu tano huku unapumua, achia. Mara kumi. Kisha laza magoti yote mawili kushoto, halafu kulia, taratibu kama mtumbwi uliofungwa ufukweni. Baada ya siku tatu nne, ongeza kuinua makalio ukiwa hapohapo chali. Jioni tembea dakika kumi na tano. Kuvutwa kidogo ni ruhusa; maumivu yakianza kushuka chini ya goti, zoezi hilo liache. Na dagaa wako, kama unaweza, wapandishe kwenye chanja ya kimo cha kiuno. Kama ni wa mchangani, usiiname saa nzima mfululizo: anika kidogo, nyooka, zunguka, rudi. Jipe wiki sita. Isipopungua, nenda ukapimwe.

Sasa hawa wakandaji. Niliwahi kumpokea kijana aliyekanyagwa wiki tatu mfululizo, kumbe ana kifua kikuu cha uti wa mgongo na mfupa umeshaanza kuliwa. Mfupa wa namna hiyo unakanyagwa? Dawa yake hapa nchini ni bure, yeye alikuwa analipia visigino! Na sisi wa ziwani tuna kichocho, ugonjwa wa minyoo ya majini. Mayai ya minyoo hiyo yakifika kwenye uti wa mgongo, miguu inaweza kulegea ndani ya siku au wiki chache, wakati jirani anasema umerogwa na mkandaji anasema pingili.

Kwa hiyo mwenye mgongo unaouma pamoja na homa za jioni, jasho la usiku au kukonda, kituo cha afya wiki hiihii. Na mwenye ganzi sehemu zile zinazogusa kiti cha baiskeli, au mkojo unaogoma au kutoka bila habari, au mguu unaokokota, asingoje Jumamosi wala asubuhi. Aende hospitali usiku huohuo.