Kuchagua vifaa vya roketi ya kisahani

Ndugu, nimeelewa kwamba unataka kutengeneza roketi ndogo ya kuchezea yenye umbo la kisahani, na unasita kati ya bati na povu jeupe la kufungia televisheni. Achana na bati, kwa sababu injini ikipasuka, vipande vyake vitajeruhi watu. Povu ni jepesi, na upana wa kisahani hupunguza mwendo wakati wa kushuka, hivyo huhitaji parachuti. Tumia gundi nyeupe ya mbao. Gundi ya viatu ilikula kisahani changu cha kwanza, ikaacha shimo la upana wa kidole gumba. Injini ikae ndani ya mrija wa karatasi ngumu, kwa kuwa povu huyeyuka kwa joto.

Tafadhali usijichanganyie baruti ya injini nyumbani. Anga ya Nairobi ina ndege za viwanja vya Wilson na JKIA (Jomo Kenyatta), kwa hiyo waulize kwanza polisi na Mamlaka ya Usafiri wa Anga.