Kimea kwanza, sukari baadaye: kwa anayetaka kujifunza busaa

Anayetaka kujifunza kuchachusha nafaka huanza karibu kila mara na swali moja: sukari kiasi gani? Mimi nilifundishwa busaa, pombe yetu ya nafaka, na nyanya yangu huku Bungoma, magharibi mwa Kenya, na siku hizi nyumbani kwetu kukiwa na mahari, matanga au tohara, pombe naitengeneza mimi. Swali hilo nalijibu kwa kuuliza langu: kimea chako, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, umekitoa wapi? Asiyejua kimea chake kilivyooteshwa, kilikauka lini na nani alikisaga, bado hajafika kwenye sukari.

Nianze basi na kimea. Kwetu tunatumia wimbi. Lichague, lipepete, ondoa mawe na punje zilizovunjika, kisha liloweke usiku kucha. Asubuhi limwagie maji mapya, lisuuze mpaka maji yatoke safi, ulichuje. Litandaze ndani ya gunia lenye unyevu au kati ya majani ya mgomba, mahali penye kivuli, tabaka lisizidi upana wa vidole vitatu. Likirundikwa, joto hupanda katikati, punje huoza na harufu hukwambia. Ligeuze asubuhi na jioni, na ukiona limekauka lirashie maji kidogo. Kwa joto la huku kwetu huwa tayari siku ya tatu. Kwenye baridi ya Mlima Elgon utangoja zaidi. Kijimizizi kikiwa kirefu kuliko punje yenyewe, simamisha. Anika juani kwenye turubai safi mpaka punje ikitafunwa ivunjike kwa sauti, halafu ufikiche kwa viganja ili vijimizizi vidondoke, upepete tena. Saga, lakini isiwe laini kama unga wa uji.

Wanaotumia mtama badala ya wimbi wawe makini zaidi na hatua hiyo ya kufikicha. Machipukizi ya mtama yana kemikali inayotoa sayanidi, na sehemu kubwa yake imo kwenye chipukizi na mizizi. Kausha vizuri, fikicha vizuri, tupa makapi yake mbali na mifugo.

Kwa nini mahangaiko yote haya? Punje inapoota hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga wake ili mche upate chakula. Hamira haiwezi kula wanga. Inakula sukari. Kwa hiyo ni kimea kinachogeuza unga wa mahindi kuwa kitu ambacho hamira inaweza kukifanyia kazi. Kuna jaribio dogo ambalo ningependa kila mtu alifanye kabla ya kutumia kimea alichonunua sokoni. Pika uji mzito wa mahindi, uache upoe mpaka uwe moto wa kuchoma kidole lakini hautokoti, yaani kama nyuzi 60 hivi. Tia kijiko cha kimea, koroga, funika. Kimea kizima kitaulainisha uji huo mpaka umiminike kama maji ya kunde, na ukionja utakuta utamu ambao hukuutia. Baada ya nusu saa uji ukiwa bado umesimama, kimea hicho kimekufa: ama kilikaangwa, ama kilichemshwa, ama ni wimbi la kawaida lililosagwa na kuuzwa kwa jina la kimea. Vimeng'enya havivumilii maji yanayotokota, na ndiyo sababu kimea hakitiwi kwenye chungu kilicho mekoni.

Sasa ukungu. Hapa siwezi kulegeza sauti. Nafaka yenye ukungu haifai kwa pombe, hata kidogo, hata kama ukungu umeusugua ukaondoka. Mwaka 2004 aflatoksini, sumu ya ukungu, kwenye mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa. Sumu hiyo haiondolewi na moto wa jikoni, wala kuchacha hakutoshi kuiondoa. Wapo wanaosema mahindi yaliyoharibika yauziwe watengenezaji pombe, kana kwamba mtungi ni jaa. Mnywaji wa busaa ana ini kama mla ugali, na ini lake tayari lina kazi ya pombe.

Kisha kuna Chitima. Januari 2015, katika mji huo wa mkoa wa Tete, Msumbiji, watu walikunywa pombe ya nafaka kwenye msiba na 75 wakafa, aliyeitengeneza akiwemo. Uvumi wa kwanza ulikuwa kwamba pombe ilitiwa nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kitu kingine: asidi ya bongkreki, sumu inayotengenezwa na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, aliyekuwa ameota kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Sumu hiyo haina harufu wala ladha ya kumwonya mtu, na haivunjwi na moto. Kila ninapomfundisha mtu namsimulia habari hii, kwa sababu busaa huanza kwa kulowesha unga na kuuacha siku kadhaa. Unga wako uwe mkavu, mpya, na unajua ulikotoka. Uliolowa mvua ghalani, ukauke ukarudiwa, usiutumie kwa chochote.

Tuingie kwenye busaa yenyewe. Kipimo changu ni gorogoro (kopo la kupimia unga) tatu za unga wa mahindi kwa gorogoro moja ya kimea, na maji yatakayofika kama lita 25. Unga nauchanganya na maji safi kidogo mpaka uwe kama wa kusongea chapati lakini mlegevu, naushindilia kwenye ndoo, naufunika kwa siku mbili au tatu. Hapo unachachuka kwa bakteria wanaotoa asidi ile ile ya maziwa lala. Unga uliochachuka sawasawa unanukia ukali safi, unaotekenya pua. Ukinuka kitu kilichooza, au ukaota nywele za rangi ya waridi, kijani au nyeusi, zika. Uchachu huu ni kinga kwa sababu vijidudu vingi vya kuharisha havipendi kuishi ndani ya asidi.

Baada ya hapo unakaangwa. Kazi hii ndiyo inayoipa busaa rangi na harufu yake, na wanaoiruka kwa kuogopa moshi hupata kinywaji kisicho na sura. Tumia karai pana la chuma kizito. Mabati mapya ya kuezekea yaache, na yaliyopakwa rangi yasikaribie moto wako kabisa. Moto uwe wa wastani, unga ugeuzwe kwa koleo bila kupumzika, mabonge yavunjwe, mpaka uwe chembechembe za kahawia zinazonukia kama mahindi ya kuchoma. Usiunguze, maana uchungu wa unga ulioungua hauondoki. Moto huo pia unaupika wanga, na wanga uliopikwa ndio kimea kinaweza kuuvunja kwa urahisi.

Chembechembe zikipoa kabisa, unazitia mtungini na maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha kimea. Koroga kwa mwiko mrefu, funika kwa kitambaa. Hatutii hamira ya dukani. Hamira iko kwenye punje za kimea na kwenye vinyweleo vya mtungi uliotumika mara nyingi, na hiyo ndiyo faida ya udongo juu ya plastiki. Mwenye ndoo mpya ahifadhi kikombe cha busaa iliyo hai kutoka kwa mtengenezaji anayemwamini, akitie kama mbegu. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner alitenga hamira moja kutoka kwenye pombe ya wimbi ya Afrika Mashariki, akaipa jina Schizosaccharomyces pombe, na zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 2001, Paul Nurse akapata Tuzo ya Nobel kwa kazi aliyoifanya kwa kutumia hamira hiyo hiyo kueleza jinsi seli zinavyogawanyika. Mitungi ya nyanya zetu imechangia sayansi, na watu wajue.

Joto la nyuzi 25 mpaka 30 linatosha. Siku ya kwanza utasikia mtungi ukinong'ona, ya pili utaona povu limebeba machicha juu, ya tatu povu linaanza kushuka. Hapo onja. Utamu ukiwa umepungua na ukali umeingia, chuja. Kilevi chake ni kidogo, kama asilimia 2 mpaka 4, na ndivyo inavyotakiwa kuwa: kinywaji cha wazee kukaa nacho mchana mzima, mirija mirefu ikiwa mtungini, wakizungumza habari za ukoo.

Sasa naweza kurudi kwenye sukari. Kuna mchanganyiko mwingine ambao huku kwetu tunauita kangara: unga wa mahindi au kimea, sukari au sukari nguru, maji na hamira. Huo ndio wapika chang'aa, pombe kali ya kukeneka, huanza nao. Hesabu yake si siri. Gramu 17 za sukari katika lita moja zikichacha zote hutoa takriban asilimia 1 ya kilevi. Kilo moja katika lita 10 basi itakupa karibu asilimia 6 juu ya kile kilichotoka kwenye nafaka. Nguru itatoa pungufu kidogo kwa sababu si sukari tupu. Ukipita kilo mbili katika lita 10, hamira ya mkate huchoka kabla ya kumaliza, na unabaki na maji matamu yenye harufu nzito.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba sukari peke yake ni chakula duni kwa hamira. Ina nguvu lakini haina protini wala madini. Nafaka ndiyo inayoleta naitrojeni na vingine ambavyo hamira inahitaji ili izaliane, na ndiyo maana kangara yenye kimea cha kutosha huchacha haraka na kwa harufu safi, wakati ile ya sukari na maji tu hukwama njiani na kunuka yai viza. Ukiiona imekwama, usiongeze sukari. Ongeza kimea, ihamishie penye joto, ngoja. Joto likizidi nyuzi 35 hivi, nalo huleta makali ya ovyo yanayoumiza kichwa asubuhi.

Kwangu mimi busaa haihitaji sukari. Nakubali kiganja kimoja cha nguru msimu wa baridi ili mtungi uamke. Zaidi ya hapo unabadilisha kinywaji cha mazungumzo kuwa cha kuangusha watu, na wageni wa mahari hawakuja kuangushwa.

Vyombo: udongo, plastiki iliyotengenezwa kwa chakula, au chuma kisichoshika kutu. Debe la mabati halifai, maana uchachu hula zinki yake na kuiingiza kwenye pombe. Pipa lililowahi kubeba dawa ya shambani au mafuta halisafishiki, hata ulioshe kwa maji moto na majivu. Kifuniko kisibane. Mtungi unaochacha hutoa hewa ya ukaa, ambayo ukiifungia hupasua chombo, na ukiiacha ijae kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha hukaa chini na kumkosesha mtu pumzi bila onyo. Waliozika mapipa ya kangara ardhini na kuinama ndani kuyakoroga wamo hatarini kwa sababu hiyo hiyo. Weka mtungi penye upepo, mbali na walipolala watoto.

Kuhusu kupika kangara kuwa chang'aa, mimi naishia kwenye mtungi, na namshauri kila ninayemfundisha aishie hapo. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 iliondoa marufuku ya chang'aa, lakini kwa aliye na leseni tu na anayefuata viwango. Jiko la nyuma ya nyumba halimo. Mvuke wa kilevi karibu na moto wa kuni ni moto mwingine unaosubiri. Lakini nataka watu waelewe pia kinachoua. Methanoli, aina ya kilevi yenye sumu, hutokana zaidi na pektini, kitu kinachoshikanisha nyama ya matunda. Nafaka na sukari hutoa kiasi kidogo mno. Vifo vile vya Nairobi vya Novemba 2000, ambapo zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapofuka, vilitokana na methanoli iliyotiwa kwa makusudi ili pombe ionekane kali. Kumwaga kikombe cha kwanza kinachotoka kwenye mtambo hakuwezi kukuokoa na kitu alichokitia mtu mwingine baadaye. Mtu aliyekunywa pombe asiyoijua, akaona ukungu machoni siku iliyofuata au akapumua kwa shida, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asiachwe alale.

Hata kwa busaa, ukitaka kuuza unahitaji leseni ya kaunti, na kwa shughuli ya nyumbani ni vyema kumjulisha chifu mapema.

Siku ya kunywa, chuja kwa kitambaa kilichochemshwa, kamua machicha kwa mikono safi. Busaa iliyochujwa ina maisha mafupi: siku ya kwanza ni tamu, ya pili ni kali, ya tatu inaelekea siki. Usiifungie kwenye chupa iliyobana, bado inachacha. Usimpe mtoto wala mjamzito. Machicha kuku wanayapenda na nguruwe pia, ila yaanike kwanza juani, na uwape kidogo kidogo, maana yakiwa mabichi kilevi bado kimo ndani yake.