Viti vya Prague havielei kwa kompyuta

Hapana kaka uliyeuliza, viti ulivyoviona vikielea kwenye maigizo ya gizani (black light theatre) kule Prague, Ucheki, si kompyuta wala sinema. Ni watu. Wamevaa nyeusi gubigubi hadi usoni, nyuma yao pazia jeusi la mahameli, na jukwaa linamulikwa kwa taa za urujuanimno (ultraviolet) tu. Kilichopakwa rangi ya kung'aa kinaonekana, aliyekibeba humwoni. Ni kama mama aliyevaa buibui la ninja akipita kichochoro cha Mji wa Kale wa Mombasa stima zimepotea, mkononi ana sahani nyeupe: utaapa sahani inatembea yenyewe!

Msanii wa Kicheki Jiří Srnec alianzisha kundi lake la maigizo ya mtindo huu mjini Prague mwaka 1961. Mimi nilikaa safu ya mbele, soksi zangu nyeupe zikawaka kama balbu. Kosa jingine, ukiwa karibu hivyo unaanza kuona kiwiliwili cha mtu nyuma ya kiti, utamu unapungua. Kaa katikati.

Ila kama ulienda Laterna magika, kundi jingine la maigizo la Prague, hapo filamu ipo kweli, ikichanganywa na wachezaji hai, tangu maonyesho ya dunia ya Brussels ya 1958. Kicheki usijali, mara nyingi hawasemi neno.