Barua kwa Mwanangu: Mama, Ulihama Chuo?

Tukuyu

Neema mwanangu,

Marahaba. Huku mvua haijatuachia wiki ya pili sasa, migomba miwili ya nyuma ya nyumba imelala chini, lakini sisi wazima. Bibi yako anakuulizia kila siku kama umeshapata nyumba ya kupanga au bado unalala kwa rafiki yako Kihonda.

Jumapili uliniuliza jambo kwenye simu, nikakujibu "ni chuo kile kile", chaji ikakatika. Najua hukuridhika. Ulikuwa unanipangia karatasi za pensheni ukakuta barua yangu ya kukubaliwa chuo ya mwaka 1983, imeandikwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chini yake ukakuta cheti cha shahada, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Ukauliza: "Mama, ulihama chuo?" Na kwa kuwa sasa wewe ni mkufunzi msaidizi hapo hapo Sokoine, Morogoro, ukachomekea na la pili: mbona mimi nikisimulia nasema fakalti tu, yaani kitivo, na wewe uko kwenye idara, iliyo ndani ya ndaki, na mwenzako wa mlango wa pili anasema yeye ni wa shule kuu?

Sikuhama, mwanangu. Nilibaki na kitanda kile kile, na mlima Uluguru dirishani. Chuo ndicho kilichobadilika nikiwa ndani yake.

Sasa ili uelewe, usianzie Morogoro, anzia Makerere. Mwaka 1963, nchi zetu tatu zilikuwa na chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye vyuo vitatu chini yake: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Masomo yenye gharama waligawana. Aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam. Aliyetaka uhandisi au udaktari wa mifugo alikwenda Nairobi. Kilimo na udaktari wa binadamu vilikuwa Makerere. Morogoro kulikuwa na chuo cha kilimo kilichoanzishwa mwaka 1965, kikitoa stashahada. Ukitaka shahada ya kilimo, ulipanda gari ukaenda Uganda.

Mwaka 1970 nyumba ile ikagawanyika, kila nchi ikachukua chake. Fikiria basi hali ya Tanzania siku hiyo. Azimio la Arusha lina miaka mitatu, viongozi wanahubiri kilimo kila jukwaa, na nchi haina pa kumfundishia mtu shahada ya kilimo! Ndipo kile chuo cha stashahada cha Morogoro kikainuliwa kikawa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu kipya cha Dar es Salaam. Mwaka 1974 ikaongezwa sehemu ya misitu, jina likawa Kitivo cha Kilimo na Misitu. Mwaka 1976 ukaingia udaktari wa mifugo, jina likarefuka tena. Mimi nilipofika mwaka 1983 lilikuwa halienei kwenye mstari mmoja wa daftari: Kitivo cha Kilimo, Misitu na Sayansi ya Tiba ya Mifugo. Ndiyo maana tulisema fakalti. Ilikuwa moja tu, hakukuwa na haja ya kuuliza ipi.

Darasa letu lilikuwa la ajabu kidogo. Kwa Azimio la Musoma la mwaka 1974, mvulana akimaliza kidato cha sita na JKT hakuruhusiwa kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alifanya kazi kwanza. Sisi wasichana tulikuwa tumeshaondolewa sharti hilo. Basi nikakaa benchi moja na wanaume wenye wake na watoto, watu waliokwisha kuwa mabwana shamba wilayani, ambao mwalimu akieleza ugonjwa wa mahindi walitikisa kichwa kusema huko kwetu haiko hivyo. Nilijifunza kwao kuliko vitabuni. Wanafunzi wako wa leo wametoka sekondari juzi, wanajua kutafuta kila kitu kwenye simu, lakini hakuna atakayekutikisia kichwa. Hilo mimi naliona ni hasara, ingawa sharti lenyewe silitamani lirudi.

Mwaka ule sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Sokoine alikuwa Waziri Mkuu, akiendesha ile vita ya wahujumu uchumi, na jina lake lilikuwa mdomoni mwa kila mtu, wapo waliomwogopa na wapo waliomwombea. Alhamisi ya tarehe 12 Aprili 1984 akawa anatoka Dodoma kwenye Bunge kuelekea Dar es Salaam kwa gari. Alifia Dakawa, hapo hapo mkoani kwetu, kabla hajafika Morogoro mjini. Tulisikia redioni jioni. Bwenini hakuna aliyewasha jiko la mafuta kupika usiku ule. Gari lililogongana na lake lilikuwa la mpigania uhuru wa Afrika Kusini, maana Dakawa ilikuwa makazi yao. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Tarehe 1 Julai mwaka huo huo, kwa Sheria Namba 6 ya mwaka 1984, kitivo kikawa chuo kikuu kamili na kupewa jina la Sokoine. Tulilala wanafunzi wa Dar es Salaam tukaamka wanafunzi wa Sokoine. Walimu wale wale, ng'ombe wale wale, ugali ule ule. Tulicheka tukisema kilichobadilika ni kibao cha barabarani.

Tulikosea. Hiki ndicho nilichotaka kukueleza siku ile chaji ilipokatika.

Kabla ya hapo, mtihani wangu uliosahihishwa Morogoro ulikuwa haujawa matokeo mpaka Seneti, kile kikao kikuu cha taaluma, ikae Mlimani, Dar es Salaam. Mwalimu akitaka kuanzisha kozi mpya, karatasi zilisafiri karibu kilometa 200 zikasomwe na watu wa sheria, wa uhandisi, wa fasihi, ambao nawaheshimu, ila hawajui msimu wa kupanda hauwasubiri. Mkuu wa kitivo chetu alikwenda kule kama mjumbe mmoja kati ya wengi. Baada ya Julai ile tukawa na Seneti yetu, Baraza letu, fungu letu la fedha. Zile sehemu tatu, kilimo, misitu na mifugo, kila moja ikawa kitivo kinachojitegemea. Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza akawa Profesa Geoffrey Mmari, na yeye wala hakuwa mtu wa kilimo, alikuwa wa hisabati na elimu. Wenzangu walinung'unika. Baadaye huyo huyo akaenda kuongoza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akawa Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu Huria, kwa hiyo nadhani alijua kazi.

Ukipenda sema Dar es Salaam ndiyo mama na sisi tulikuwa kifungua mimba. Muhimbili na Ardhi walifuata njia hiyo hiyo mwaka 2007, miaka zaidi ya 20 baadaye.

Mimi karatasi zile mbili, barua na cheti, ziliwahi kuniponza. Nilipoomba kazi ofisi moja mkoani, karani aliziweka mezani ubavu kwa ubavu akaniambia zinapishana, nikalete uthibitisho. Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Akasema yeye hafanyi kazi kwa hadithi. Nilirudi Morogoro na basi la usiku kutafuta barua ya masijala, siku mbili zikaenda. Ndiyo maana ile barua ya 1983 sijawahi kuitupa, na watu wa pensheni wakiuliza usiwape cheti peke yake.

Haya, tuje kwenye ndaki zako. Neno lenyewe nimelisikia utu uzimani. Siku uliyoniambia unakwenda kumwona Rasi nilicheka peke yangu. Morogoro ni mji kasoro bahari, lakini kumbe rasi mnazo! Huyo ndiye mkuu wa ndaki. Shule kuu inaongozwa na amidi, na kwingine utasikia mtiva, yaani mkuu wa kitivo. Usibabaishwe na majina. Tazama karatasi inavyotembea. Unaanza idarani, kwa mkuu wa idara: hapo ndipo kozi inafundishwa, mtihani unatungwa, na wewe unapangiwa vipindi. Idara kadhaa zenye udugu zinakaa pamoja ndani ya ndaki, kama idara yako ya udongo ilivyo ndani ya Ndaki ya Kilimo. Misitu wana ndaki yao, pamoja na wanyamapori na utalii. Mifugo wana yao. Uchumi kilimo, ambao enzi zetu ulikuwa idara tu kwenye kilimo, umekua ukatoka ukawa shule kuu, na sasa ni ndaki. Kutoka kwenye ndaki karatasi inapanda Seneti, na Seneti ndiyo yenye neno la mwisho kwenye taaluma: nani kafaulu, nani ana supu (arudie mtihani), nani kadisko (aondoke chuo), kozi ipi ifunguliwe. Baraza la Chuo liko juu, linashika fedha, mali na ajira. Mkuu wa Chuo utamwona siku ya mahafali, na siku nyingine za mwaka kazi iko kwa Makamu Mkuu wa Chuo na manaibu wake. Tangu Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, mambo haya yote yamo kwenye Hati Idhini ya chuo, ya mwaka 2007. Iombe uisome. Wenzako wengi hawaisomi mpaka wapate kesi.

Ila nikwambie ninavyoona mimi niliyeshinda shambani na wakulima: idara zikiongezeka sana, kila mmoja anapata kipande cha mmea. Mkulima wa Mgeta, huko juu Uluguru, akija na mbuzi mgonjwa, malisho mabaya na deni dukani, hajui agonge mlango upi. Na chuo hicho kilipofanya vizuri kilifanya kwa kuvuka milango. Mbuzi wa maziwa walioletwa kutoka Norway wakapelekwa Mgeta miaka ya 1980 mwishoni hawakuwa kazi ya idara moja. Wala maharage. Unakumbuka yale uliyokuwa unachagua kwenye ungo ukiwa mdogo, ukisema yanafanana yote? Ilikuwa SUA 90, na baadaye Rojo, mbegu zilizotoka hapo unapofanya kazi. Ada yako ya sekondari ilitoka kwenye maharage yale zaidi ya kwenye mshahara wangu.

Na panya! Bibi yako hadi leo anadhani namtania. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO linafundisha panya buku hapo hapo chuoni kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye kifua kikuu. Mmoja, Magawa, alifundishwa Morogoro akaenda kufanya kazi Cambodia, na mwaka 2020 akavishwa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza. Bibi amesema siku utakayomletea panya mwenye nishani ndipo ataacha kuweka mitego darini.

Sasa lile nililosema nitalirudia. Enzi zetu Mazimbu haikuwa ya chuo. Ilikuwa shamba la mkonge lililoachwa, serikali ikawapa ANC, chama cha wapigania uhuru wale wa Afrika Kusini, baada ya vijana wa Soweto kukimbia kwao mwaka 1976. Wakajenga shule, zahanati, karakana, nyumba za watoto, na shule wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Sisi wanachuo tulipita nje tukisikia nyimbo zao. Mwaka 1992, uhuru wao ukikaribia, walikabidhi majengo yale kwa Tanzania, na chuo kikapata kampasi yake ya pili, Kampasi ya Solomon Mahlangu. Kwa hiyo chuo kina jina la mtu aliyefia Dakawa katika ajali na gari la mpigania uhuru, na kampasi ina jina la mpigania uhuru, na majengo yake ni zawadi ya wenzake. Wakati ule wa msiba kulikuwa na maneno mengi mjini, mengine mabaya, juu ya wageni wetu. Miaka minane baadaye wageni wale wale wakatuachia funguo. Sijui wangapi kati ya wanafunzi wako wanaopanda daladala ya Mazimbu wanalijua hili. Wapeleke siku moja makaburini pale, wasome umri ulioandikwa kwenye mawe.

Kampasi ya Katavi siijui, imeanza nikiwa nimestaafu. Naona nayo imepewa jina la Waziri Mkuu wa zamani, Mizengo Pinda, na huyu yu hai, Mungu amzidishie.

Barua ya 1983 usiilaminishe, iache kwenye bahasha yake ya kaki. Piga nakala tatu za barua na tatu za cheti, zigongwe muhuri wa mwanasheria, unitumie na basi la Ijumaa. Na kama shambani hapo wana Rojo ya mbegu, si ya kula, ninunulie kilo tano. Hela nitakutumia kwa simu, usikatae kama ulivyokataa mara ile.

Mama yako