Shangazi, wenzangu wa Free Fire wanataka tukutane Forodhani

SWALI

Assalaamu alaykum Shangazi. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba, nina miaka 20, namsaidia ami yangu dukani, tunauza na kutengeneza simu. Usiku nikishafunga duka nacheza Free Fire, gemu ya simu ya kupigana, na wenzangu watatu. Wawili wa Unguja, mmoja Bububu na mwengine Fuoni, na wa tatu yuko Temeke, Dar es Salaam. Hatujawahi kuonana, lakini baba alipolazwa hao ndio waliokuwa wakiniuliza hali yake kila siku. Sasa wamepanga tukutane Unguja, bustani ya Forodhani, sikukuu hii, na wa Temeke naye anavuka.

Mama hataki, anasema watu wa kwenye simu hawajulikani. Lakini Shangazi, linalonikosesha usingizi ni jengine. Nina kigugumizi tangu utotoni. Kwenye gemu sijapata kufungua maiki, naandika tu, na nimewaambia maiki ya simu yangu ni mbovu. Katika kuandika mimi ndiye mchangamfu wa kundi, mimi ndiye ninayewachekesha. Naogopa nikifika wataniona mtu mwengine kabisa. Niende, au nitafute udhuru?

Fundi, Wete

JIBU

Wa alaykumu ssalaam mwanangu. Nenda. Nalitanguliza hilo ili usisome jibu zima huku moyo uko juu.

Mjukuu wangu anacheza hiyo hiyo Free Fire, nikamwambia akae nami anieleze. Watu 50 wanashuka kisiwani kwa miavuli, timu za watu wanne wanne, na baada ya dakika kumi hivi kila kitu kimekwisha. Kilichonishika mimi ni pale mwenzio anapopigwa akaanguka. Hafi papo hapo, anatambaa, na wewe waweza kumfuata ukamwinua. Ila muda wote unapomwinua, na wewe uko wazi kupigwa. Mjukuu wangu akaniambia, "Bibi, wapo wanaokimbia wakakuacha." Basi wewe unajua wenzako hao watatu ni wa kurudi au ni wa kukimbia. Hapa mjini wapo watu wanaosalimiana barabarani umri mzima na jambo hilo moja hawalijui baina yao.

Marehemu baba yangu alimpata sahibu yake mkubwa kwenye bao. Walicheza kwa muda mrefu baraza moja, macho kwenye kete, kabla hawajajuana nyumba zao ziko wapi. Mchezo uliwapa cha kufanya kwa mikono, mazungumzo yakaja yenyewe. Kwa hivyo mkifika Forodhani msikae mkatazamana kama watu waliokuja kuposa. Toeni simu, kaeni bega kwa bega, chezeni mechi moja. Wewe hasa itakufaa, maana hutolazimika kuanza kwa kujieleza.

Sasa kigugumizi. Hili nataka ulifanye kabla hujakata tiketi: waambie. Usiwasubirishe mpaka siku ya kuonana, kwa sababu utasafiri bahari nzima umeibeba hofu hiyo, na mtu mwenye hofu ulimi unamzidia uzito. Waandikie katika kundi lenu, kwa maneno machache tu: "Jamaa, maiki yangu ni nzima. Nina kigugumizi, ndiyo maana nilikuwa naandika. Nikikwama nisubirini, msinimalizie maneno." Hilo la mwisho usilitoe. Watu wema wengi wanadhani kumdokolea neno mwenye kigugumizi ni kumsaidia, kumbe wanamzidishia dhiki. Itume usiku kabla hamjaanza kucheza, kisha mcheze kama kawaida.

Huenda mmoja akacheka, vijana hucheka kabla ya kufikiri. Mtazame kesho yake. Akiendelea kulifanya mzaha baada ya kujua linakuumiza, umemjua, na umemjua ukiwa kwenu Wete.

Wewe umesoma chuo cha Kurani, unaijua dua ya Nabii Musa katika Surat Taha, alipotumwa kwa Firauni. Aliomba afunguliwe fundo la ulimi, na papo hapo akaomba apewe Harun nduguye wa kumtia nguvu. Mtume mzima hakuona haya kutaja ulimi wake wala kutaka mwenzi. Nawe usione haya.

Na hao hawatomuona mtu mwengine. Utani unaowachekesha hauko kwenye ulimi wako, uko kichwani, na kichwa unakwenda nacho.

Maneno haya yanayofuata msomee mama yako. Norwei alikuwapo kijana anayeitwa Mats Steen, aliyezaliwa 1989 na maradhi ya kudhoofika misuli. Aliishi kwenye kiti cha magurudumu na akawa anacheza World of Warcraft, mchezo wa kompyuta wa mtandaoni, mchana na usiku. Kwa muda mrefu na yeye aliwaficha wenzake wa mchezoni hali yake. Wazazi wake walimhuzunikia, wakiamini mtoto wao hana rafiki. Alipofariki mwaka 2014, ana miaka 25, baba yake alitangaza msiba pale mwanawe alipokuwa akiandika mtandaoni. Barua zikamiminika. Watu ambao wazazi hawakuwajua walieleza namna Mats alivyowafariji na kuwashauri katika shida zao, na wengine walisafiri kutoka nchi nyengine za Ulaya wakaja kumzika. Mimi kisa hiki kinaniuma kila nikikikumbuka, kwa sababu wazazi wale waliwajua sahibu za mtoto wao wakati mwenyewe hayupo tena wa kuwatambulisha. Mama yako bado ana nafasi.

Mama ana haki, lakini. Kwetu sisi mgeni huulizwa mtoto wa nani, na swali hilo limetulinda sana. Basi mpe jawabu lake. Pigeni simu ya video wote wanne, mama akiwepo chumbani. Yule wa Bububu na yule wa Fuoni wana mama zao. Mwambie mmoja ampe simu mama yake, wasalimiane wenyewe kwa wenyewe. Wakianza kuulizana ukoo na kutafutana ujamaa, wewe kaa pembeni usiingilie. Anayekataa hata kuonesha uso wake kabla ya safari, huyo usimwendee. Na yeyote aliyewahi kukuomba neno la siri la akaunti yako, au kukuhimiza umnunulie almasi za mchezoni kwa pesa yako, ungenieleza mapema, maana hapo jibu langu lingebadilika.

Ukifika Unguja lala kwa jamaa yako, usilale kwa mmoja wao safari hii ya mwanzo, hata wakikung'ang'ania. Kutaneni Forodhani baada ya Alasiri, kweupe, watu wamejaa, na mwenyeji wako ajue uko wapi na utarudi saa ngapi. Ukitaka kumtuliza mama zaidi, waalike na wao waje Pemba sikukuu ijayo. Tibirinzi panachangamka siku hizo, na mama akishawapikia kwa mkono wake hatowaita tena watu wa kwenye simu.

Boti za bandari ya Mkoani hujaa kabla ya sikukuu. Ujumbe wako utume wiki hii, na wakikujibu vizuri kata tiketi siku ya pili yake, ya kwenda na ya kurudi.